Kaza, Kisha Legeza: Funzo Kutoka Kwenye Kitovu cha Gurudumu

Msomaji wa jarida hili amezoea kukutana na makala yanayohakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Ni stahiki yake, maana chama chetu kiliundwa kwa ajili ya lugha na fasihi. Hata hivyo, safari hii ningependa kumwalika pahali ambapo sisi wanafunzi wa fasihi hatufiki mara kwa mara: kando ya gari kuukuu lililoinuliwa kwa jeki, mbele ya kitovu cha gurudumu kilichojaa grisi. Simwaliki huko kwa mzaha. Huko ndiko nilikokiona Kiswahili kikibeba mzigo ambao sijapata kukiona kikiubeba darasani, na huko ndiko nilikotambua jinsi maarifa ya miaka arobaini yanavyoweza kuzikwa pasi na mtu kuyaandikia hata sentensi moja.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, ile iitwayo Beetle, modeli ya 1300 ya mwaka 1969. Vijana wa leo huliona gari la aina hii kuwa kichekesho, ilhali wazee wetu walilistahi. Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953, barabara nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Katika barabara hizo hizo Volkswagen ilitwaa ushindi mwaka 1954, ikarudia mwaka 1957, kisha tena mwaka 1962. Beetle ya mwisho ya muundo huo wa kale ilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwezi Julai mwaka 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kuundwa.

Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alilinunua gari hili likiwa limekwisha kupitia mikononi mwa watu wawili, miaka mingi kabla sijazaliwa. Ndilo lililompeleka mama hospitalini usiku niliozaliwa. Baba alipofariki, liliegeshwa chini ya mwembe nyumbani kwetu Kisauni, na hapo likakaa miaka tisa. Upepo wa chumvi wa Mombasa si rafiki wa chuma. Kutu ilianza kwenye kingo za milango, ikateremka sakafuni, na tairi zikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Likizo moja ya Desemba suala la gari lilifikishwa barazani. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia karo ya shahada ya kwanza, alipendekeza liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hoja zake zilikuwa na uzito. Paa la nyumba lilikuwa likivuja, na gari lisilotembea ni zizi la panya. Mimi na dada yangu tulitaka libaki, ingawa hatukuwa na hoja yoyote isipokuwa mapenzi. Mama alitusikiliza sote hadi tukanyamaza, kisha akatoa kauli yake: "Likiweza kunifikisha kwa baba yenu Kilifi na kunirudisha, litakaa. Likishindwa, liacheni liende." Kilifi ndiko liliko kaburi la baba. Hapakuwa na wa kulipinga neno hilo.

Injini, breki, nyaya za umeme na tairi zilishughulikiwa na fundi kijana wa mtaani mwetu, na kaka, licha ya msimamo wake, alilipa nusu ya gharama. Magurudumu ya mbele yalibaki. Mjomba, nduguye mama, alikataa katakata yasifunguliwe mpaka awepo. "Injini ikizima," alisema, "mtateremka mkae kivulini. Gurudumu la mbele likichomoka, hakuna kuteremka. Na atakayekaa humo ni dada yangu."

Mjomba alitengeneza Volkswagen kwa zaidi ya miaka 40 katika karakana yake ndogo karibu na Majengo. Leo karakana hiyo haipo. Glakoma imemnyang'anya jicho la kulia lote, na la kushoto limebakiwa na uwezo wa kupambanua mwanga na kivuli tu. Nilidhani atafanya kazi kwa kupapasa, kwa kuwa vidole vyake vinalijua gari hilo kuliko macho ya wengi. Badala yake alijivutia kigoda, akakaa, akanikabidhi spana. "Nikilifunga mimi, litatengenea leo," akaniambia. "Ukilifunga wewe, mwanangu, litakuwa la kutengenezeka siku zote." Basi tukagawana kazi: mimi nikawa macho na mikono, yeye akawa kinywa. Kila alichokuwa akikifanya miaka arobaini bila kukisema, sasa ilimlazimu akitafutie neno.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuifungua, beringi ni kile kifaa kinachoruhusu gurudumu lizunguke huku ekseli imetulia. Gurudumu la mbele la Beetle huzunguka juu ya mbili, ya ndani iliyo kubwa na ya nje iliyo ndogo, nazo hukaa ndani ya dramu ya breki. Magari ya aina hii yaliyoundwa kabla ya modeli za mwaka 1966 yalitumia gololi. Yaliyofuata, likiwemo letu, hutumia rola zilizochongoka, yaani nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, ndiye aliyepewa hataza ya beringi za namna hiyo mwaka 1898. Uzuri wa umbo hilo ni kwamba hubeba uzito wa pande mbili kwa pamoja: uzito wa gari unaoshuka kutoka juu, na ule unaosukuma kutoka ubavuni gari linapokata kona.

Tuliliinua gari kwa jeki, kisha mjomba akaniamuru nitie magogo mawili chini ya mhimili wa mbele. "Jeki ni ya kuinulia," alisema, "si ya kuaminia." Nikaondoa gurudumu, nikakigongagonga kifuniko cha kitovu hadi kikatoka. Katika gari hili gurudumu moja la mbele ndilo linaloendesha kipimamwendo: waya wake hupita katikati ya ekseli na kushikwa na kipini kidogo kwenye kifuniko. Asiyekijua kipini hicho huvuta kifuniko kwa nguvu akakata waya, kisha akashangaa mbona mshale hausogei tena. Nyuma ya kifuniko kuna nati iliyobanwa kwa parafujo yake. Ya upande wa kulia hufunguliwa kama nati zote. Ya upande wa kushoto ina hesi za kinyume, hivi kwamba ukiizungusha kama ulivyozoea unaikaza. Nilimuuliza mjomba sababu. Akanyoosha kidole hewani akachora duara. "Gari likienda mbele, gurudumu la kushoto huzunguka upande ambao nati ya kawaida hufungukia. Aliyeliunda hakutaka safari iifungue nati." Nilifurahi kupata jibu kamili la swali la ufundi kwa sentensi mbili za Kiswahili.

Dramu ilipotoka, harufu ya grisi iliyooza ilitupiga puani. Mjomba alinizuia kulipuliza vumbi la breki, kwa kuwa viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto, na asbesto haitoki mapafuni. Nililifuta kwa kitambaa chenye maji. Ndipo mahojiano yalipoanza. "Grisi ina rangi gani?" Nikamwambia kahawia. "Kahawia ya nini? Kahawa au kutu?" Kwenye gurudumu la kulia ilikuwa kahawia ya kahawa, kavu, imeshikana kama halua iliyosahauliwa kabatini. Kwenye la kushoto ilikuwa imegeuka kijivu cheupe. "Hiyo imekunywa maji," akasema. "Sili imekufa."

Niliziosha beringi kwa mafuta ya taa na brashi hadi chuma kikaonekana. Mjomba alizipokea moja moja, akapitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya ringi za nje, zile azitazo mabakuli. Kwenye bakuli la kushoto ukucha ulisimama, ukaenda, ukasimama tena. Akanirudishia. "Niambie unachokiona." Nilisogea kwenye mwanga. Palikuwa na mistari myembamba myeusi iliyopangana kama vipago vya ngazi, yenye nafasi sawa baina yake. Kila mstari ulikuwa pahali ambapo rola moja ililala miaka tisa bila kugeuka, maji yakaipata, nayo ikakila chuma kilichokuwa chini yake. Nilimweleza hivyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Miaka yote ambayo baba yako hayupo imeandikwa hapo." Hakuongeza neno. Akaomba ya kulia.

Ya kulia haikuwa na mistari, lakini rola zake zilikuwa zimebadilika rangi. "Rangi gani?" Samawati, nikamjibu. "Samawati ya mbingu au ya mgongo wa nzi?" Ilikuwa ya mgongo wa nzi, ile inayong'aa na kugeukageuka mwangani. Chuma hupata rangi hiyo kinapopashwa moto kupita kiasi, na kikishapata joto hilo hupoteza ugumu wake. Mjomba alitikisa kichwa. "Huyu aliifunga ikakaza mno, ikaungua. Wa kushoto aliizembea ikalowa. Zote mbili nje." Siku hiyo nilifahamu kwamba lugha yetu haijakosa rangi, tulio wavivu ni sisi tunaozitaja kwa ujumla. Mtu anayeona hutosheka na neno "samawati". Asiyeona anahitaji kujua ni samawati ya kitu gani, kwa kuwa uamuzi wake wote unategemea jibu hilo.

Kununua mpya kulikuwa na masaibu yake. Seti ya kwanza niliyoletewa kutoka duka moja mjini ilikuwa ndani ya boksi la kupendeza. Mjomba aliipima kwa kiganja, akaizungusha karibu na sikio, akatafuta kwa kidole nambari zilizochorwa ubavuni asizipate. Akairudisha bila hasira. Seti ya pili ilimridhisha. Alisisitiza kwamba bakuli na rola zake huja pamoja na huondoka pamoja. Kuweka rola mpya katika bakuli la zamani ni kumwoza msichana kwenye nyumba inayoungua.

Mabakuli ya zamani niliyatoa kwa fimbo ya shaba na nyundo, nikigonga kutoka upande wa pili, kidogo huku na kidogo kule, ili yasikwame mshazari. Mapya tulikuwa tumeyalaza usiku kucha ndani ya friji yakanywee, na dramu tukaianika juani itanuke. Hata hivyo yalihitaji nyundo. Mjomba aliegemea mbele akasikiliza. Bakuli likiwa bado safarini, kila pigo hulia kwa wepesi, kama kengele ya baiskeli. Niliendelea kugonga nikizunguka, na ghafla mlio ukabadilika ukawa mzito na mfupi. "Imekaa," akasema kabla sijainua nyundo. Nilitazama: ilikuwa imekaa. Mara tatu zilizofuata alisema "imekaa" kabla yangu.

Kisha ikaja grisi. Msomaji huenda anadhani, kama wengi tudhanivyo, kwamba grisi ni mafuta mazito tu. Grisi ni mafuta ya kawaida yaliyoshikwa ndani ya sabuni, na sabuni hiyo kwa matumizi ya magurudumu aghalabu hutokana na madini ya lithi. Sabuni huyazuia mafuta yasitiririke, na huyaachia kidogo kidogo pale joto na mwendo vinapoyahitaji. Ndiyo maana haifai kuchanganya grisi za aina mbili usizozijua: sabuni zake zaweza kukosana, mafuta yakaachiliwa yote, na beringi ikabaki kavu. Mjomba hakuijua lithi kwa jina, bali aliijua kanuni. "Grisi mbili ni kama wake wenza," alisema, na mama, aliyekuwa akipita na sinia ya mahamri, akamwambia achunge ulimi wake.

Grisi haipakwi juu ya beringi. Hushindiliwa ndani yake. Unaweka tonge la grisi katika kiganja cha kushoto, unaishika beringi kwa mkono wa kulia, upande mpana ukitazama chini, kisha unaugandamiza ukingo wake kwenye tonge huku ukiuvuta kama mtu anayekata ugali. Grisi hupenya kati ya rola na kizimba kinachozishika, hadi vinyoya vyake vitokeze upande wa juu. Unageuza kidogo na kurudia mpaka duara likamilike. Ndani ya kitovu unatia kiasi, bila kukijaza. Nilipouliza kwa nini tusijaze ili tuwe salama zaidi, alinijibu kwamba grisi ikizidi beringi huogelea badala ya kuzunguka, na kuogelea huleta joto. Beringi ya ndani ikaingia kwanza, ikafuatwa na sili mpya, mdomo wake ukitazama ndani ili uizuie grisi isitoke kwenda kulowesha breki. Tukairudisha dramu juu ya ekseli, ikafuata beringi ya nje, kisha washa, kisha nati.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kuna kitabu cha ufundi cha gari hili nilichokuwa nimekisoma usiku uliotangulia. Kinasema kwamba beringi ikiisha kufungwa, pawe na nafasi ya kuchezea isiyopungua milimita 0.03 na isiyozidi milimita 0.12. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa takriban milimita 0.1. Nafasi inayotafutwa basi ni kama ya karatasi moja, au chini yake. Nafasi ikikosekana kabisa, joto la safari hutanua chuma, rola hubanwa, grisi huyeyuka, na mwisho wake ni ile samawati ya mgongo wa nzi. Ikizidi, gurudumu hulewalewa, tairi huliwa upande, na usukani hutetemeka mikononi mwa dereva. Kitabu kinapendekeza kifaa maalumu chenye uso kama wa saa ili kupima nafasi hiyo. Hatukuwa nacho. Nilimsomea mjomba tarakimu hizo. Alizisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesomewa barua ya kigeni, kisha akasema, "Sasa sikiliza za kwetu."

"Kaza," aliniambia, "huku mkono wa pili ukizungusha dramu. Usikaze ikiwa imesimama, maana rola hazijajipanga. Kaza mpaka dramu iwe nzito, ikulalamikie. Hapo rola zote zimepata pahala pake. Sasa legeza. Legeza mpaka dramu isahau kwamba ilikazwa. Chukua bisibisi, weka ncha kwenye washa iliyo nyuma ya nati, uisukume kwa kidole, bila kutumia bega. Washa isogee ukiiambia, lakini isisogee yenyewe. Iwe na utii." Alirudia neno hilo la mwisho, akaonekana kuridhika nalo, kama mtu aliyelitafuta kwa muda mrefu. Niliisukuma washa kwa ncha ya bisibisi. Haikusogea. Nikalegeza nati kwa upana wa ukucha, nikaisukuma tena. Ilisogea, nzito, ikasimama nilipoacha. Nikabana parafujo ya nati, nikapima upya, kwa kuwa kubana kwenyewe huweza kuiondoa ile nafasi. Washa bado ilitii. Mjomba akanyoosha mkono, nikamwongoza hadi kwenye bisibisi, akasukuma kwa kidole kimoja. "Hii nimeifunga mimi," alisema. Sijapata kutunukiwa sifa kubwa kuliko hiyo.

Nimetafakari sana juu ya vipimo hivyo viwili, cha kitabu na cha mjomba. Ni kosa kudhani kwamba kimoja ni cha kisayansi na cha pili ni cha kubahatisha. Vyote vinataja nafasi ileile ya unene wa karatasi. Kimoja kinamhitaji mtu mwenye kifaa. Cha pili kinamhitaji mtu mwenye bisibisi na mwalimu. Tofauti kubwa ni kwamba cha kwanza kimechapishwa, ilhali cha pili kilikuwa kikiishi katika vidole vya mzee mmoja, na kingebaki humo lau macho yake yasingemlazimu kukitamka.

Sisi tunaosoma ushairi tunakijua kipimo cha namna hii, ijapokuwa hatukiiti hivyo. Mshairi mwanagenzi huzikaza mizani hata kila mshororo ukawa na hesabu kamili, na shairi likakakamaa lisiimbike. Mwingine hulegeza kila kitu kwa jina la uhuru, mishororo ikalewalewa. Bingwa hukaza kwanza, akahakikisha kila silabi imepata pahala pake, kisha akalegeza kiasi cha kuruhusu pumzi ya muimbaji. Sidai kwamba gurudumu ni shairi. Nadai tu kwamba mjomba angewafaa walimu wengi wa utunzi.

Fauka ya hayo, darasani tumefundishwa njia za kuunda istilahi: kukopa na kutohoa, kutafsiri, kupanua maana ya neno lililopo. Tumezikariri kwa ajili ya mtihani. Katika kisanduku cha vifaa cha mjomba nilizikuta zote zikifanya kazi bega kwa bega. Parafujo ililetwa na Wareno. Karakana ilitoka Uajemi, na gari lenyewe jina lake ni la Kihindi. Nati, spana, grisi na beringi zimetoholewa kutoka Kiingereza. Kisha kuna yale yaliyopatikana kwa kupanua maana ya maneno yaliyopo: bakuli, kizimba, tonge, mdomo wa sili, utii wa washa. Hakuna kamati iliyokaa kuyapitisha. Yalizaliwa kwa sababu fundi alihitaji kumweleza mwanagenzi jambo fulani asubuhi fulani, na kazi haikuweza kungoja. Tunaposema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa teknolojia, tunasema kwa hakika kwamba hatujawauliza wenye nao.

Na muda wa kuwauliza si mrefu. Magari mengi ya kisasa yana beringi zilizofungwa kiwandani pamoja na kitovu chake. Hazifunguliwi wala hazitiwi grisi. Zikiharibika hutupwa, zikawekwa nyingine. Silaumu maendeleo hayo, maana yamempunguzia dereva adha. Lakini kitu kisichofunguliwa hakihitaji kuelezwa, na kisichoelezwa hupoteza maneno yake. Kizazi cha mafundi waliojua kukaza na kulegeza kinapungua, na maneno yao yanapungua pamoja nao.

Msomaji atataka kujua kuhusu Kilifi. Tulisafiri Jumamosi, mimi usukanini, mjomba kando yangu juu ya gurudumu la kushoto, mama nyuma na kikapu chake. Kaka alitufuata kwa pikipiki, akasema ni kwa ajili ya kutusukuma tukikwama. Baada ya kufika Mtwapa mjomba aliniamuru nisimame. Nikateremka, nikaweka kiganja juu ya kila kitovu cha mbele. Kitovu chenye moto wa kukufanya uondoe mkono ni dalili kwamba nati imekazwa mno, au breki inashika. Vyetu vilikuwa na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichosahauliwa, na vyote viwili sawasawa. Nilimwambia mjomba. Alitaka aambiwe tena, cha kulia kwanza, kisha cha kushoto. Kutoka hapo hadi Kilifi hakusema neno, alikuwa akisikiliza. Mama alikaa kaburini kwa muda aliotaka mwenyewe. Tuliporudi Kisauni jioni, zaidi ya kilomita 100 zikiwa zimeongezeka kwenye kipimamwendo ambacho waya wake ulikuwa mzima, kaka aliegesha pikipiki, akalizunguka gari mara moja, akauliza bima yake itagharimu kiasi gani.

Siku hizi mjomba haoni hata kivuli. Kila nirudipo likizoni hukaa naye barazani nikiwa na daftari. Tumemaliza magurudumu na breki, tumeingia kabureta. Yeye husema, nami huandika. Nikikosa kuelewa huniambia nifumbe macho nikipapase kifaa chenyewe, kisha tutafute neno pamoja. Kurasa zimepita arobaini. Si tasnifu, wala hakuna atakayenipa shahada kwayo.

Kwa hivyo nina ombi moja kwa wanachama wenzangu. Kila mmoja wetu ana mjomba, shangazi, baba au jirani anayejua kazi fulani kwa mikono: kushona jahazi, kusuka ukili, kuchonga milango, kufua vyuma, kutengeneza redio. Likizo ijayo, mkalieni kitako. Msimwombe awaonyeshe tu, kwa sababu mkono huonyesha na kupita. Mwombeni aseme. Kisha andikeni alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na neno geni msilibadilishe kabla ya kulielewa. Jarida hili lina kurasa, na Kiswahili kina nafasi. Tukikawia, tutabaki na lugha ya mitihani, na wale waliojua ile ya kazi watakuwa wametangulia nayo.